Mguu wa Nne

Chini ya meza, pale ambapo hakuna mgeni anayeinama,
kuna kibati kimeshikwa na misumari miwili:
Ornella Bragadin, Tazio Ghirlandi, Milano, 1983.
Nimewasoma mara nyingi nikiwa chali,
bisibisi mdomoni, vumbi machoni,
na kila mara nawauliza: ninyi wawili,
siku hiyo mlikuwa mmegombana?

Maana mguu wa kwanza ni pia ya mtoto, ya buluu.
Wa pili ni bomba la manjano, nene kama paja.
Wa tatu, mipira imepandana, kila mpira na rangi yake,
na juu yao ubao wa waridi wenye michirizi ya kijani
mliyoichapa kwenye karatasi ili tudhani ni jiwe.
Jiwe! Hapa Lubumbashi,
malakiti yenyewe inauzwa kando ya njia,
imechongwa tembo, imechongwa visahani vya majivu,
nanyi mnatuletea jiwe la karatasi.
Nilicheka. Seremala ana haki yake ya kucheka.
Baba alinifundisha mulombwa na pembe mraba,
mguu uwe pacha wa mguu mwenzake.
Lakini nilipolaza pimamaji juu ya ubao ule
nikiushikilia kwa bega upande wenye pengo,
tone la hewa lilikuja katikati, likatulia.
Wahuni, ndiyo. Wahuni wenye hesabu.

Wa nne haukuwepo.
Mahali pake palikaa debe la mawese, tupu, na tofali juu yake.

Meza ilikuwa ya Badibanga, fundi mitambo wa Jekamini,
aliyeinunua kwa Mtaliano wa barabara siku anafunga virago.
Mwaka ule watu walipoambiwa rudini kwenu,
na kwao ni hapa hapa Kamalondo, nyumba ya tatu toka bomba la maji,
treni haikuwa na nafasi ya meza.
Haikuwa na nafasi hata ya watu.
Badibanga akafungua mguu mmoja
(alikuwa na spana; siku zote alikuwa na spana)
akauviringisha kitenge kama mtoto mchanga,
akamwambia mama yangu: Banze, nitunzie hii mitatu.

Miaka thelathini tulikula bukari juu ya ahadi ya mtu.
Wageni walionywa kabla ya kunawa:
usiegemee pembe hiyo, ni ya Badibanga.
Nami nikiwa na karakana, na randa, na mbao,
nilikatazwa. Ukiweka mguu, alisema mama,
akirudi atautia wapi wake?

Halafu macho yake yakaanza kuzima.
Jioni moja aliegemea pembe ile,
sufuria ya sombe ikaenda chini, yote.
Akakaa kimya mpaka nikamaliza kudeki.
Chonga, akasema.

Nilichonga mukula, mwekundu, mraba, mnyoofu.
Katikati ya wale vichekesho
ulisimama kama shemasi kwenye harusi ya ulevi.

Mvua ya pili, kijana akabisha, ametoka Mwene-Ditu,
siku sita njiani, gunia begani.
Jina lake Ntumba. Hata maji hakunywa kwanza.
Akatoa koni nyeupe yenye mistari myeusi,
ncha yake imeliwa, rangi imebanduka.
Babu amekufa, akasema. Na samahani, mama,
bibi aliutwangia muhogo. Hatukuwa na mchi.

Mama aliupapasa. Akaunusa.
Mimi nilishaingia chini na bisibisi kuutoa wa kwangu.
Nani kakwambia utoe?

Kwa hiyo, Ornella, Tazio, kama bado mnapumua,
meza yenu ina miguu mitano,
na wa muhogo umepungua nusu kidole.
Kando ya kibati chenu nimekwaruza kwa msumari:
Banze. Badibanga.
Langu bado.
Ile nusu kidole inaninyima usingizi.